Kikopo Alichonificha Mume Wangu

Jumamosi moja mimi na mume wangu tulikwenda kupunga upepo Nyumba ya Mungu. Bwawa limetulia, perege wa kukaanga, ugali wa moto. Raha tupu! Ila mwenzangu aliinuka mezani mara tatu. Nilipofungua begi lake kutafuta dawa, nikakuta kikopo cha maabara, kitupu. Kumbe daktari alimwandikia kipimo cha choo wiki mbili nyuma!

"Jamani mke wangu, mtu anaanzaje kuongelea choo?"

Anaanza hivyo hivyo, mpenzi msomaji! Hospitalini choo hupimwa hasa kutafuta mayai ya minyoo na vijidudu. Watafiti wao huenda mbali zaidi: hupima kazi ya bakteria wa utumboni. Mfano ni kimeng'enya kiitwacho beta-glukuronidesi. Ini hufunga homoni ya estrojeni iliyokwisha kazi kwa aina ya sukari, kisha huitupa utumboni kupitia nyongo. Bakteria wenye kimeng'enya hicho hukata fundo hilo, na homoni inaweza kurudi kwenye damu.

Kukipima, sampuli ya choo huchanganywa na kemikali iliyofungwa kwa sukari ile ile. Fundo likikatwa, rangi ya manjano hutokea. Ikikolea haraka, ujue kimeng'enya kinachapa kazi.

Na chakula je? Mwaka 1982 watafiti wa Boston, Marekani, walilinganisha wanawake 10 wasiokula nyama na 10 wanaokula. Wasiokula nyama walipata choo kingi zaidi, wakatoa estrojeni nyingi zaidi chooni, na kwenye damu ikapungua. Hapa kwetu, utafiti wa wanaume 77 wa Kilimanjaro uliochapishwa 2025 ulionyesha kwamba wiki mbili tu za kuacha vyakula vya asili na kula vya kisasa vya viwandani ziliongeza dalili za uvimbe wa ndani ya mwili.

Jumatatu asubuhi tulipeleka kikopo pamoja. Majibu: minyoo! Dawa akameza, tumbo likatulia. Siku hizi makande ya Kipare yamerudi mezani kwetu, chipsi ni za siku moja moja.

Lakini bado najiuliza: kama ingekuwa ugonjwa mkubwa, wiki mbili zile za aibu zingetugharimu nini? Leo usiku, muulize mwenzio tumbo lake linaendeleaje. Usicheke akikujibu.