Sabuni Humumunyika kwa Kiasi Gani Katika Maji?

Mtu apitaye katika mitaa ya Kariakoo, jijini Dar es Salaam, hakosi kuona maduka yauzayo malighafi za kutengenezea sabuni ya maji. Wanunuzi wake ni watengenezaji wadogo wafanyao kazi hiyo nyumbani kwa pipa na mwiko. Huondoka na dumu la asidi ya salfoniki, ndoo ya uji mzito waitao slesi, magadi, glisirini, rangi, manukato, na chumvi ileile itiwayo katika mboga.

Mtengenezaji mgeni katika kazi hii hupatwa na jambo moja la kushangaza. Hutia slesi katika pipa, akamimina maji kidogo na kukoroga. Badala ya kulainika, uji ule hugeuka madonge ya ute mgumu kuliko ulivyokuwa mwanzo, na madonge hayo huweza kukaa hata kesho yake. Naye husema kwamba slesi imegoma kuyeyuka, au kwamba ameuziwa mali mbovu. Kumbe slesi humumunyika vizuri sana katika maji. Ile iuzwayo madukani huwa na kemikali yenyewe kadiri ya asilimia 70, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni maji. Izimuliwapo ikafikia baina ya asilimia 60 na 30, molekuli zake hujipanga kama mizigo ya vijiti vilivyofungwa pamoja, na hapo ndipo ute unapokuwa mgumu. Maji yakizidi, mizigo hiyo huachana na mchanganyiko huwa mwepesi na mwangavu.

Basi, ikiwa mtu ataulizwa slesi humumunyika kwa kiasi gani katika lita moja ya maji, atajibu nini? Swali hili laonekana kuwa jepesi, kwa kuwa kila mwanafunzi wa sekondari amepata kulijibu kwa chumvi. Hutia chumvi katika maji, hukoroga, huongeza tena, mpaka ibaki chumvi isiyotaka kumumunyika. Mmumunyo umeshiba. Huuchuja, huupima, huuvukiza, na kupima chumvi iliyosalia. Jawabu ni kadiri ya gramu 36 katika gramu 100 za maji, kwa halijoto ya nyuzi 25 za sentigredi.

Maabara kubwa za dunia hufuata njia isiyotofautiana sana na hiyo. Mwongozo namba 105 wa Shirika la Ushirikiano wa Uchumi na Maendeleo (OECD), uliotolewa mwaka 1981 na kurekebishwa mwaka 1995, huagiza kwamba kemikali itiwe katika chupa tatu za maji kwa wingi upatao mara tano ya ule udhaniwao kumumunyika. Chupa hutikiswa katika halijoto ya nyuzi 30, kisha huachwa zitulie katika nyuzi 20. Ya kwanza hupimwa baada ya siku moja ya kutikiswa, ya pili baada ya siku mbili, ya tatu baada ya siku tatu. Majibu yakilingana, mmumunyo umeshiba kweli.

Ikitiwa sabuni katika chupa hizo, utaratibu wote huvurugika. Sababu yake imo katika umbo la molekuli. Molekuli ya sabuni ina kichwa kipendacho maji na mkia mrefu wa kaboni na haidrojeni uyakimbiao. Zikiwa chache, molekuli hizo hupanda juu na kujipanga kwenye uso wa maji, vichwa vikiwa majini na mikia hewani. Kwa kufanya hivyo hupunguza mvutano wa uso, yaani ile nguvu iufanyayo uso wa maji kuwa kama ngozi iliyowambwa. Ndiyo maana kemikali za namna hii huitwa kemikali tendaji-uso. Maji safi kwa nyuzi 25 yana mvutano wa milinewtoni 72 kwa mita. Sabuni huweza kuushusha hadi karibu na nusu yake.

Uso ukisha kujaa, molekuli zinazoongezwa hazina tena nafasi huko juu. Hapo hukusanyana ndani ya maji katika makundi madogo, mikia ikielekea ndani na vichwa nje. Makundi hayo huitwa miseli. Mwanakemia J. W. McBain ndiye aliyetoa wazo hili mwaka 1913, alipokuwa akichunguza jinsi mimumunyo ya sabuni ipitishavyo umeme. Miseli ni ndogo mno kwa jicho, na hupenya katika karatasi ya kuchujia bila kizuizi. Kwa hiyo achujaye na kuvukiza hupima molekuli zilizo peke yake pamoja na zilizo katika makundi, akadhani kwamba zote zimemumunyika namna moja. Na chupa ikitikiswa kwa nguvu hutoa povu, ambalo nalo huchukua sehemu ya kemikali juu kwa juu.

Kwa hiyo, kwa kemikali za aina hii, kipimo chenye maana ni ule ukolevu ambapo miseli huanza kuundika. Chini yake molekuli ziko huru. Juu yake, idadi ya zilizo huru haiongezeki sana hata kemikali ikitiwa kwa ndoo. Miongozo ya kupima kemikali barani Ulaya nayo huuchukua ukolevu huo kuwa badala ya umumunyifu. Jambo hili si la vitabuni tu. Maji ya kufulia ya Kariakoo na Jangwani, yasipoingia katika mabomba ya maji machafu, hufuata mifereji hadi Mto Msimbazi na kuishia baharini. Kemikali tendaji-uso hudhuru matamvua ya samaki. Anayetaka kujua ni kiasi gani kidhurucho hana budi kujua kwanza ni molekuli ngapi zilizo huru katika maji yake ya majaribio. La sivyo ataandika namba kubwa isiyomfikia samaki.

Ukolevu huo waweza kupatikana katika shule yoyote kwa kuhesabu matone. Tone liningʼiniapo kwenye ncha ya sindano hushikwa na mvutano wa uso. Mvutano ukipungua, tone huanguka likiwa dogo, na ujazo uleule hutoa matone mengi zaidi. Ikiwa maji safi hutoa matone 50, mmumunyo wenye mvutano wa milinewtoni 38 utatoa, kwa hesabu, kadiri ya 95.

Kinachohitajika ni sirinji yenye sindano iliyokatwa ncha, kipimajoto, mizani na maji yaliyokenekwa. Maji hayo hupatikana katika maduka ya vipuri vya magari, lakini mwalimu na asome kibandiko kwa makini, kwa kuwa asidi ya betri huuzwa papo hapo katika chupa zinazofanana. Kemikali ifaayo kuanzia ni sodiamu lorili salfeti, itiwayo katika dawa nyingi za meno. Huandaliwa mimumunyo kama kumi, kuanzia nusu gramu hadi gramu sita katika lita, kwa kuzimua taratibu bila kutikisa. Matone yaachwe yaanguke polepole, kila moja kwa sekunde tano au zaidi, ili molekuli zipate wasaa wa kuufikia uso. Ajifanyiaye haraka hupata matone machache kuliko yapasavyo, na lawama huitupia sirinji.

Idadi ya matone ichorwe katika grafu dhidi ya logi ya ukolevu. Mstari utapanda, kisha utalala. Pembe ya mkunjo huo ndiyo jawabu: kwa kemikali hii, katika nyuzi 25, ni kama gramu 2.4 katika lita. Idadi ya matone ikipanda kupita kiasi karibu na mkunjo kisha ikashuka kidogo, kemikali si safi. Mara nyingi ina mabaki ya alkoholi iliyotumika kuitengeneza. Agnes Pockels, mwanamke wa Kijerumani asiyepata kusoma chuo kikuu, aliuchunguza mvutano wa uso jikoni kwake mjini Braunschweig, na barua yake ilichapishwa katika jarida la *Nature* mwaka 1891. Vifaa vyake havikuwa vya fahari kuliko hivi.

Halijoto isisahauliwe. Kwa Dar es Salaam hakuna shaka, lakini shule ya Njombe ikifanya jaribio hili asubuhi ya mwezi Juni yaweza kuona fuwele zimetuama chini ya chupa. Chini ya nyuzi 16 hivi, sodiamu lorili salfeti haiundi miseli. Hushiba na kutuama kama chumvi yoyote. Mjerumani Friedrich Krafft aliliona jambo la namna hii katika sabuni mwishoni mwa karne ya 19. Kwa sabuni ya mafuta ya ngʼombe kikomo hicho ki juu sana, ndiyo sababu haitoi povu upesi katika maji baridi. Sabuni ya mafuta ya nazi ina mikia mifupi na humumunyika kwa urahisi, hata mabaharia waliitumia kuogea kwa maji ya bahari.

Baada ya kuzoea, darasa lirudie jaribio kwa maji ya kisima. Visima vingi vilichimbwa jijini katika ukame wa mwaka 1997, na vingi vina maji ya chumvi na magumu. Chumvi huwezesha vichwa vya molekuli kukaribiana, hivyo miseli huundika mapema: kwa gramu 6 hivi za chumvi ya mezani katika lita, mkunjo hushuka kutoka gramu 2.4 hadi chini ya nusu gramu. Chumvi hiyohiyo hurefusha miseli za slesi kuwa kama nyuzi zilizotatana, na ndiyo maana mtengenezaji wa Kariakoo huitia ili sabuni yake iwe nzito. Akizidisha, huwa nyepesi tena. Maji ya kisima yakiwa na weupe mara tu sabuni inapotiwa, hiyo si miseli. Ni kalisi iliyomo majini inayoishika sabuni na kuigeuza mashapo, na matone ya mmumunyo huo yasihesabiwe mpaka kalisi iondolewe.