Dawa Inayozinyima Seli Njia ya Kuingia Utumboni

Mgonjwa wa kolaitisi ya vidonda huharisha damu kwa sababu seli nyeupe zimefurika kwenye ukuta wa utumbo mpana na kuushambulia bila sababu. Kwa miaka mingi tiba mara nyingi ilikuwa kuidhoofisha kinga ya mwili mzima. Siku hizi inawezekana kuziacha seli hizo na nguvu zake, ila zikanyimwa pa kushukia.

Seli nyeupe haitoki kwenye damu hivi hivi. Hupunguza mwendo, hubiringika juu ya ukuta wa mshipa, kisha protini zake ziitwazo integrini hunasa kwenye ukuta huo kama mbegu za kishonanguo kwenye suruali. Ikishanata, hujipenyeza. Seli ziendazo utumboni hutumia integrini ya alfa-4 beta-7, nayo hushika protini ya MAdCAM-1, ambayo hupatikana zaidi kwenye mishipa ya utumbo.

Dawa ya kwanza ya aina hii, natalizumabi, ilizuia alfa-4 popote ilipo, hata kwenye seli zinazolinda ubongo. Iliidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa ugonjwa mwingine, wa mishipa ya fahamu, na Februari 2005 ikaondolewa sokoni. Virusi vya JC, ambavyo watu wengi huishi navyo bila madhara, vilikuwa vimepata mwanya wa kuharibu ubongo. Kati ya wagonjwa watatu wa mwanzo kugundulika, mmoja alikuwa akitibiwa ugonjwa wa Crohn, uvimbe mwingine wa utumbo. Ilirudishwa mwaka 2006 kwa masharti makali.

Vedolizumabi, iliyoidhinishwa mwaka 2014, hulenga alfa-4 beta-7 peke yake. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, miongoni mwa wagonjwa wa kolaitisi waliopata nafuu mapema, asilimia 42 hivi ya walioendelea kuwekewa dripu yake kila baada ya wiki 8 walikuwa wametulia kufikia wiki ya 52. Kwa waliohamishiwa dawa bandia, ni asilimia 16.

Vedolizumabi haina haraka, na hili mgonjwa aambiwe mapema: seli zilizokwisha kuingia haiziondoi, inazuia tu zinazofuata. Wapo wanaosubiri hadi wiki ya 14 kuona mabadiliko, na kukata tamaa wiki ya tatu ni hasara kubwa.

Kwetu Afrika Mashariki swali zito zaidi ni TB. Dawa nyingine za kolaitisi, zinazozuia TNF (protini inayochochea uvimbe), huweza kuiamsha TB iliyolala. Vedolizumabi, kwa kuwa kazi yake iko utumboni, ina hatari ndogo zaidi. Hata hivyo TB ya utumbo hufanana mno na Crohn, kwa hiyo kipimo cha TB hutangulia dripu ya kwanza.