Fahamu: Nani anagharimia utafiti wa dawa mpya za Parkinson?

Levodopa, dawa kuu ya Parkinson, ilianza kutumika miaka ya 1960. Hupunguza mtetemeko na ukakamavu wa viungo, lakini haizuii seli za ubongo zinazotengeneza dopamini kuendelea kufa. Mbona hadi leo hakuna dawa ya kuzuia hilo?

Sababu moja ni fedha. Ugonjwa huu huenda polepole, hivyo majaribio ya dawa huchukua miaka, na kampuni za dawa huogopa hasara. Hapo huingia wafadhili. Taasisi ya mwigizaji Michael J. Fox, aliyegundulika kuugua akiwa na miaka 29, ilianzishwa mwaka 2000 na imeshatoa zaidi ya dola bilioni 2. Mradi wake mmoja ulionyesha mwaka 2023 kwamba kiashiria cha ugonjwa kinaweza kupimwa katika maji ya uti wa mgongo.

Si kila fedha huzaa. Exenatide, dawa ya kisukari, ilileta matumaini Uingereza mwaka 2017. Jaribio kubwa la watu 194, lililochapishwa 2025, halikuona faida yoyote. Hata hivyo, kujua njia isiyofika nako kuna thamani yake.

Kwetu pengo liko mapema zaidi: utafiti wilayani Hai, Kilimanjaro, ulikuta wagonjwa wengi hawajawahi kuambiwa wanaugua nini, sembuse kupewa levodopa.