Kutoshikamana na mali katika Ubuddha

Kutoshikamana na mali katika Ubuddha ni fundisho na zoezi la kuishi na vitu bila kutawaliwa navyo. Halimaanishi kuichukia mali, wala halimtaki kila muumini awe maskini. Wanaolifuata kwa ukamilifu ni wamonaki wa kiume na wa kike. Baadhi yao huanza wakiwa bado watoto au vijana, kama samanera, yaani wanovisi. Katika Afrika Mashariki Wabuddha ni wachache, lakini fundisho hilo linatolewa Dar es Salaam na pia karibu na Entebbe, Uganda, kwenye Ziwa Viktoria linalopakana na Mkoa wa Kagera.

Msingi wa fundisho

Kadiri ya mapokeo, Siddhartha Gautama alilelewa katika anasa huko Kapilavastu, akaiacha nyumba yake akiwa na umri wa miaka 29. Kwa miaka sita hivi alijitesa kwa kufunga chakula mpaka akadhoofika sana, kisha akaacha, kwa kuwa aliona mateso hayo hayamkomboi. Kutokana na hayo alifundisha "njia ya kati", isiyofuata anasa wala kujitesa.

Katika kweli nne alizozitangaza, chanzo cha mateso kinaitwa kwa lugha ya Kipali tanha, yaani kiu. Kiu ikikomaa inakuwa upadana, maana yake kushika kwa nguvu. Kwa hiyo tatizo haliko katika kitu kinachoshikwa, bali katika mshiko wenyewe. Mtu anaweza kuwa na shati moja tu akaligombania, na mwingine akawa na duka lisilomnyima usingizi.

Maandiko yanataja aina nne za upadana: kushika yanayopendeza hisi, kushika mitazamo, kushika taratibu na ibada, na kushika dhana ya nafsi. Mali inaingia hasa katika ile ya kwanza. Mtu aliyegawa vitu vyake vyote bado anaweza kushikwa na fahari ya kuwa amevigawa. Ndiyo sababu Buddha aliyafananisha hata mafundisho yake na chelezo: kinafaa kuvukia mto, lakini aliyekwisha kuvuka hana haja ya kukibeba kichwani.

Wanovisi na mali

Kwa mmonaki wa madhehebu ya Theravada, mapokeo yanahesabu vitu vinane vya lazima: nguo tatu, bakuli la kupokelea chakula, wembe, sindano, mkanda na kichujio cha maji. Samanera anafuata amri kumi, na ya mwisho inamkataza kupokea dhahabu na fedha. Chakula chake kinatoka kwa waumini, naye hachagui anachopewa.

Kwa mapokeo, samanera wa kwanza alikuwa Rahula, mwana wa Siddhartha mwenyewe. Mfalme Suddhodana, babu yake, alihuzunika kwa kuwa hakuulizwa, akaomba mtoto asipokewe tena bila ruhusa ya wazazi. Ombi hilo likawa sheria ya utawa. Daraja kamili ya umonaki haitolewi kabla ya umri wa miaka 20, na novisi anaweza kurudi nyumbani wakati wowote. Nchini Thailand na Myanmar wavulana wengi huvaa nguo za unovisi kwa siku au wiki chache tu, kisha wanarudi shuleni.

Walei na mali

Kijana asiye mtawa hadaiwi kuacha vitu vyake. Katika mawaidha kwa kijana Sigala, Buddha alishauri mapato yagawanywe mafungu manne: moja la matumizi, mawili ya kuendesha kazi, na moja la akiba kwa siku ya shida. Anathapindika, mmoja wa wafadhili wake wakubwa, alikuwa tajiri na anasifiwa kwa ukarimu. Pia Buddha alifundisha kwamba kwa mtu wa kawaida umaskini na madeni ni mateso. Hivyo, kukosa kwa kulazimishwa hakuhesabiwi kuwa ni kuacha.

Zoezi la kwanza la mlei ni dana, yaani kutoa: kutoa kidogo, mara kwa mara, na kuangalia moyo unavyosita. Pamoja na hilo kuna tafakuri, ambamo mtu anatazama tamaa ikija na kuondoka bila kuitii mara moja.

Ubuddha katika Afrika Mashariki

Hekalu la Dar es Salaam lilitokana na jumuiya ya wahamiaji kutoka Sri Lanka, wakati huo Ceylon, waliofika katika miongo ya kwanza ya karne ya 20.

Nchini Uganda anajulikana Bhante Buddharakkhita, aliyezaliwa mwaka 1966 kwa jina la Steven Kaboggoza na kulelewa katika Ukatoliki. Mwaka 1990 alikwenda India kusoma, akakutana huko na wamonaki vijana kutoka Thailand. Alipewa daraja ya umonaki mwaka 2002 huko California, Marekani, na mwaka 2005 alianzisha Kituo cha Wabuddha cha Uganda karibu na Entebbe. Katika kitabu chake kuhusu kupanda mbegu za Dhamma barani Afrika anaeleza jinsi mavazi na bakuli lake vilivyowashangaza watu wa kwao.

Ulinganisho na mazingira ya Kagera

Kijana wa Kagera anayesoma habari za Ubuddha hakuti wazo geni kabisa. Huko Rubya, katika Wilaya ya Muleba, kuna seminari ndogo ya Jimbo Katoliki la Bukoba, ambayo asili yake ni kazi ya Wamisionari wa Afrika (White Fathers) mwanzoni mwa karne ya 20. Wavulana wanaishi humo kwa ratiba ya pamoja, mbali na nyumbani. Hata hivyo, mwanaseminari hafungwi na nadhiri ya ufukara, wala padri wa jimbo haiweki. Ni nadhiri ya watawa, pamoja na useja na utii. Tofauti kubwa iko katika lengo: Mkristo anaacha mali ili amfuate Yesu na kumtegemea Mungu, kumbe Mbuddha anaiacha ili kuzima kiu iletayo mateso.

Swali gumu zaidi linahusu mali isiyo ya mtu mmoja. Kati ya Wahaya, kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, hurithiwa ndani ya ukoo, na kwa desturi wazee wamezikwa humo. Kijana hawezi kukiacha kama anavyoacha simu au viatu, kwa kuwa si chake peke yake. Maadili ya Kibuddha yenyewe yanamzuia kugawa cha wengine, maana amri ya pili inakataza kuchukua kisichotolewa, na sheria ya Rahula inamtaka awasikilize wazazi. Anachoweza kuacha bila kumwomba mtu ruhusa ni mshiko wake mwenyewe: wivu juu ya mgawo wa ndugu, hofu ya kupungukiwa, na haja ya kuonekana anacho.