Intaneti ya chuo inapokomea langoni

MWANAFUNZI wa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa anayepanga chumba Mikindani hutenganishwa na bewa la Tudor na hori la bahari tu. Kimtandao, umbali huo ni mkubwa zaidi.

Mombasa haina uhaba wa intaneti. Nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilifikishwa hapa mwaka wa 2009. Tatizo ni hatua za mwisho. Wachapishaji wengi wa majarida ya kitaaluma humtambua msomaji kwa anwani ya mtandao, yaani tarakimu zinazoonyesha ombi limetoka wapi. Likitoka bewani, makala hufunguka. Likitoka chumbani, anwani inayoonekana ni ya kampuni inayomhudumia mwenye nyumba, na mwanafunzi huyo huyo, hata akiwa amelipa karo yote, hudaiwa pesa kana kwamba ni mgeni. Vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya Covid-19, wasomi wengi duniani walijikuta nje ya lango hilo.

Hosteli nazo zina vizuizi vyao. Wapangaji wakitumia kifaa kimoja cha Wi-Fi, wawili watatu wanaopakua filamu huwapunguzia kasi wenzao. Kuweka kikomo kwa kila simu ni haki kuliko kufunga tovuti ovyo, kwani YouTube inayolaumiwa ndiyo pia yenye mihadhara.

Kuhusu majarida, maktaba inaweza kumpa mwanafunzi nywila inayomtambulisha yeye badala ya jengo alimo. Anayeanza mradi wa mwaka wa mwisho na aiulizie mapema, kabla ya kununua bando.