Mzee aliyepoteza nafasi, na michezo ya foleni

Je, ushawahi kutoka kwenye laini dakika mbili tu, ukarudi ukakuta nafasi yako imeenda? Mwezi uliopita nilikuwa ofisi moja hapa Nairobi, karibu saa mbili nangoja, simu ina chaji asilimia 9. Mzee mmoja mbele yangu akatoka kwenda msalani. Aliporudi akaambiwa, "Mzee, laini inaanzia kule nyuma." Hakubishana. Akaenda.

Nikakumbuka ndovu wa Dumbo. Ni mchezo wa watoto katika Magic Kingdom, bustani ya burudani ya Disney kule Florida, Marekani. Mwaka 2012 Disney waliongeza Dumbo wa pili na kujenga hema lenye uwanja wa kuchezea. Wakati huo ukifika ulikuwa unapewa kifaa kidogo, watoto walienda kuparamia na kuteleza, wewe ulikaa. Zamu yenu ilipofika, kifaa kiliwaita. Wakati watoto wakicheza hamkuhitaji kusimama kwenye laini, wala hamkupoteza nafasi.

David Maister aliandika kuhusu saikolojia ya foleni mwaka 1985. Alisema muda usio na shughuli huonekana mrefu kuliko muda wenye shughuli, na kungoja bila haki huchosha zaidi. Wabunifu wengi hukumbuka lile la kwanza na kusahau la pili.

Lakini mchezo wa foleni si rahisi kubuni. Ukinoga sana, watu hawasongi na wa nyuma wanaanza kelele. Ndiyo maana napenda ule wa Peter Pan's Flight, ulioanza 2015 hapo hapo Magic Kingdom. Unapopita unaona kivuli chako ukutani. Vipepeo vinatua juu yake, na ukigusa kengele kwa kivuli, inalia. Hauna mwanzo wala mwisho, hauna alama za kushinda, kwa hivyo kuuacha hakuumi. Mtoto wa miaka mitatu na nyanya yake wanacheza pamoja, na hawahitaji simu.

Mwaka 2018 Disney walileta programu ya simu, Play Disney Parks, yenye michezo inayofunguka ukiwa kwenye foleni fulani. Ni wazo zuri, ila inakula chaji na kila mtu anainamia skrini yake. (Na hapa kwetu, mchezo wowote wa simu ukikuomba PIN yako ya pesa, ufunge mara moja. Hao ni matapeli.)

Kule ofisini, watoto wawili walikuwa wameanza kuruka vigae, cheupe ndiyo, cheusi hapana. Mama yao aliwashikia nafasi, na laini ikisonga anawaita, wanarudi mbio. Baada ya muda yule mzee, sasa akiwa nyuma kabisa, akaanza kuwahesabia miruko. Alifika 41 kabla mama hajaitwa dirishani.