Ua Lisilo na Jina

Karibu na jiko la misheni, hapa Kambove, pana kichaka cha waridi. Watu wengi wa hapa husema roza. Bruda aliyelipanda alikufa zamani, wala hakuacha karatasi yoyote. Siku moja mvulana wa darasa la tano aliniuliza, "Bruda, roza hii jina lake nani?" Nikamjibu kwamba sijui, wala hakuna mtu anayejua.

Alishangaa sana. Basi tukakaa chini, tukaanza kuliangalia.

Kwanza tulitazama jani. Jani la waridi limegawanyika katika vijani vidogo. Tulihesabu vitano, mara nyingine saba. Mahali kikonyo cha jani kinaposhikana na shina pana vimasikio viwili vyembamba. Watu wengi hawavioni vimasikio hivyo, lakini anayejua maua ya waridi huvitafuta mapema. Kisha tukatazama miiba: imenyooka au imepinda kama ndoana? Ni mingi au michache? Tukanusa ua. Mwisho nikamwuliza mpishi: "Huchanua lini?" Akasema, "Karibu kila mwezi, ukilimwagia maji."

Neno hilo la mpishi lilitusaidia kuliko yote. Mengi ya maua ya waridi ya kale ya Ulaya huchanua mara moja tu kwa mwaka. Yale ya China huchanua tena na tena, nayo yalipofika Ulaya karne ya 18 inapokwisha, watunza bustani waliyachanganya na yao. Mwaka 1867, huko Ufaransa, Guillot alitoa waridi lililoitwa 'La France', na watu wengi hutumia mwaka huo kutenga waridi la kale na la sasa. Waridi letu lina damu ya China, hilo nathubutu kusema. Jina lake lenyewe sijalipata bado. Wala si la porini kwetu: katika Afrika ya joto waridi la porini ni lile la Uhabeshi na nchi za jirani zake. Letu lilikuja na wageni.

Wiki mbili baadaye mvulana yule yule akaja na ua jingine mkononi. Lilikuwa dogo, la rangi ya zambarau. Safari hii hakuwa anacheka. Alisema, "Bruda, ua hili limeota nyuma ya nyumba yetu. Baba mdogo anasema ni ua la shaba. Kesho anataka kuanza kuchimba shimo."

Watoto, ninyi mnajua mashimo ya kuchimba madini. Mnajua pia kwamba udongo wa mvua huporomoka, na aliye chini hana njia ya kutoka. Kwa hiyo sikungoja kesho. Tulikwenda jioni ile ile.

Njiani nilimweleza habari za vilima. Mkisimama mahali pa juu hapa kwetu, mtaona msitu wa miombo umeenea pande zote. Lakini hapa na pale pana kilima kisicho na miti, chenye majani mafupi na maua tu. Mahali pengi sababu yake ni shaba. Katika udongo wa kilima kama hicho shaba ni nyingi mno, nayo ni sumu kwa mizizi ya miti. Mimea michache tu huweza kuivumilia. Kwenye vilima hivi vya Katanga watu wa elimu wamehesabu mimea ya aina zaidi ya 500, na kati yake zaidi ya 30 haioti mahali pengine popote duniani. Mbelgiji Paul Duvigneaud aliichunguza sana katika miaka ya 1950. Mmoja aliouandika mwaka 1959 pamoja na mwenzake Plancke huitwa Crotalaria cobalticola, maana yake mkaaji wa kobalti. Maua yake ni ya manjano, nayo yana umbo kama ya maharagwe, ndiyo madesu.

Tulipofika, baba mdogo alikuwa amekwisha kuleta jembe na sururu. Nikamwomba atupe nafasi kidogo.

Tulifanya kama tulivyofanya kwa waridi. Nilimwambia mvulana ashike shina, alizungushe kati ya vidole. "Lina pembe," akasema. "Ngapi?" "Nne." Shina la pembe nne, na majani yanayotoka mawili mawili yakitazamana: hiyo ni alama ya jamaa ya kivumbasi na rehani. Kisha tukatazama ua. Lilionekana kama ua moja, kumbe ni kichwa chenye maua madogo mengi yaliyosongamana, na kila moja lina midomo miwili. Mmea wenyewe ulikuwa mfupi, haufiki gotini. Mizizi yake ilikuwa myembamba, ya mmea wa mwaka mmoja. Hiyo ilitupa jibu jingine, kwa maana Zambia wana ua lao la shaba, la jamaa ile ile, lakini lile lina mzizi mnene wa mti unaodumu ardhini miaka mingi.

Ndiyo, baba mdogo alikuwa na haki. Lilikuwa ua la shaba la Katanga. Jina lake la elimu ni Haumaniastrum katangense. Zamani liliitwa Acrocephalus katangensis, maana hata wenye elimu hubadilisha majina, jambo linalowachosha wanafunzi na walimu pia.

"Umeona!" akasema baba mdogo, akachukua sururu.

Nikamwambia, "Ngoja. Ua hili linasema kwamba udongo huu una shaba. Halisemi kwamba chini kuna mwamba wa shaba." Ua hili huota pia kando ya barabara zilizomwagwa mawe ya mgodi. Huota penye tanuru za kale. Tena likipandwa katika udongo wa kawaida huweza kukua. Wengine husema kwamba shaba hulisaidia kwa kuua kuvu wanaolishambulia. Basi lazima tutafute shahidi wa pili.

Tulikwangua udongo kwa jembe, si zaidi ya kiganja. Yakatoka mawe meusi, mazito kuliko yalivyoonekana, mengine yaking'aa kama chupa iliyovunjika. Hayakuwa ya kijani kama malakiti. Yalikuwa takataka za tanuru. Chini zaidi palikuwa na udongo mwekundu wa kawaida, hauna kitu.

Mahali pale zamani watu waliyeyusha shaba. Karne nyingi kabla ya kompani kufika, mababu wa nchi hii walichimba malakiti, wakaijaza tanuru ya udongo wa kichuguu pamoja na makaa, wakavuta mivukuto. Shaba waliyoipata waliimwaga katika umbo la msalaba, nayo misalaba hiyo ilitumika kama fedha na kama mahari. Waliitwa walaji wa shaba, na Monsinyori de Hemptinne aliandika habari zao mwaka 1926. Wachimbuaji wa mambo ya kale wamelifuata ua hili la zambarau, wakapata tanuru nyingi zilizosahauliwa.

Baba mdogo alinyamaza kidogo, akaokota jiwe moja jeusi, akalipima mkononi. Kisha akasema, "Basi babu zangu wamekwisha kula shaba yote, wameniachia mavi yake." Tukacheka wote. Sururu ikarudi nyumbani.

Neno moja zaidi, kwa ajili ya wale wanaopenda kupima mambo. Mwaka 1977 ilitangazwa kwamba ndugu wa ua hili, Haumaniastrum robertii, ana zaidi ya gramu 10 za kobalti katika kilo moja ya majani makavu. Ni nyingi ajabu. Lakini baadaye watu wengine waliosha majani ya mimea ya vilima kwa uangalifu kabla ya kuyapima, na hesabu nyingi za zamani zikashuka, kwa sababu sehemu ya madini ilikuwa vumbi lililokaa juu ya jani. Kwa hiyo msiweke mimea ya vilima hivyo mdomoni, na mkiishika, nawini mikono.

Mvulana alichukua mmea mmoja, na mizizi yake. Tuliulaza kati ya magazeti, tukaweka matofali juu, tukabadilisha karatasi kila siku mpaka ukakauka. Chini yake aliandika mahali, tarehe, rangi ya ua likiwa bichi, na udongo ulivyokuwa. Haya ya mwisho ni ya lazima, kwa maana ua likikauka rangi hupotea, na kilima kikichimbwa chote, mimea yake nayo huondoka. Ipo mimea ya Katanga iliyoandikwa zamani ambayo haijaonekana tena.

Kisha akakausha pia tawi la waridi la jikoni, lenye jani, mwiba na ua. Akaandika: "Kambove, karibu na jiko. Vijani 5 au 7. Huchanua karibu kila mwezi." Mahali pa jina ameacha mstari mtupu.